Nadi kwa Ujasiri: Maisha ya Rixi Markus, Bingwa wa Briji

Hotuba hii niliitoa mbele ya mabinti na kina mama wanaopenda michezo ya akili. Naiweka hapa yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wetu mliopo, shikamooni. Kina mama, kina dada, na ninyi mabinti zangu mliokuja na sare zenu za shule, hamjambo? Asanteni kwa kufika, na asanteni sana mlioandaa ukumbi huu.

Niwaulize kitu kabla sijaenda mbali. Nani kati yenu amewahi kujua jibu darasani, akalijua sawasawa, akanyamaza? Nyoosheni mikono. Naona. Na nani amewahi kukaa kikaoni ana hoja yake, akaimeza, halafu baada ya dakika kumi akamsikia mwanamume anaitoa hoja ileile na kupigiwa makofi? Mikono imeongezeka. Shusheni, asanteni.

Leo nataka niwasimulie habari za mwanamke aliyejenga maisha yake yote juu ya mchezo ambao kunyamaza ndani yake kunakugharimu. Anaitwa Rixi Markus. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1910, akafariki London tarehe 4 Aprili 1992. Katikati ya tarehe hizo mbili alitwaa ubingwa wa dunia mara tano na wa Ulaya mara kumi. Alikimbia vita akiwa mtoto, akamkimbia Hitler akiwa mtu mzima, akafika nchi ya ugenini, na huko akawa bingwa kwa mara nyingine, chini ya bendera nyingine. Mchezo wake ulikuwa wa karata, na mchezo huo unaitwa briji.

Najua nikitaja karata wapo wanaokunja uso. Karata ni uvivu, karata ni kamari, karata ni za wanaume waliokosa kazi. Ndugu zangu, naomba mnivumilie kidogo. Nitaeleza kwanza mchezo wenyewe, maana bila kuujua hamtamwelewa mama huyu.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na kila mmoja anakaa mkabala na mwenzake. Karata 52 zinagawiwa zote, kila mtu 13. Mpaka hapo, yeyote aliyewahi kucheza karata za turufu barazani ananielewa. Tofauti inaanza sasa: kabla hata karata moja haijatupwa mezani, kuna mnada. Kila mchezaji kwa zamu yake anatamka ahadi, kwa sauti, wapinzani wakisikia. Mizunguko ya kula iko 13. Ukisema “moja kopa”, umeahidi kwamba wewe na mwenzako mtakula mizunguko saba, kopa zikiwa turufu. Ukisema “nne kopa”, mmeahidi kumi. Ukisema “saba”, mmeahidi yote 13, wapinzani wasionje hata mmoja. Na kumbukeni, karata za mwenzako huzioni. Mnachozungumza ni hayo maneno mafupi ya mnada tu, basi.

Aliyetaja ahadi kubwa kuliko wote, upande wake ndio unaocheza. Mmoja anazilaza karata zake wazi mezani na kukaa kimya, mwingine anacheza mikono yote miwili. Akitimiza ahadi, pointi ni zao. Akipungukiwa hata mzunguko mmoja, wanatozwa faini, na faini inakwenda kwa wapinzani.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, mabinti zangu. Kuna zawadi kubwa ya pointi kwa wanaofikia kiwango fulani cha ahadi. “Nne kopa” wanaipata. “Tatu kopa” hawaipati. Ukiahidi “tatu” kwa woga, kisha ukala mizunguko kumi, ile kumi unayo mkononi lakini zawadi huipati, kwa sababu hukuitaja. Uwezo ulikuwa nao, ila hukusema. Mchezo hauulizi tu ulifanya nini. Unauliza pia: ulisema utafanya nini?

Ndiyo maana nimemchagua Rixi Markus leo. Alikuwa mnadi asiyeogopa. Wote waliocheza naye walilijua hilo: karata zikiwa na uwezo, Rixi anasema, zikiwa na uwezo nusu, Rixi bado anasema, halafu anatafuta njia ya kutimiza.

Na kuhusu kamari, niliweke wazi. Katika mashindano ya briji, bahati huondolewa kwa makusudi. Karata za kila mgao huhifadhiwa kwenye kibao chenye mifuko minne, mfuko mmoja kwa kila mchezaji. Meza ya kwanza ikimaliza, kibao kile kile kinapelekwa meza ya pili, kisha ya tatu. Wote wanacheza karata zile zile, na mwisho matokeo yanalinganishwa: kwa karata hizi hizi, wewe ulipata nini, na yule aliyekaa kiti kama chako alipata nini? Hakuna wa kulalamika kwamba aligawiwa karata mbovu. Kilichobaki ni akili, kumbukumbu na ujasiri. Sitawaficha: London, Rixi alicheza pia kwa pesa katika vilabu, na alikuwa hodari wa hilo. Hilo sikuja kuwafundisha. Ubingwa wake wa dunia aliupata kwenye vibao vile, ambako bahati haina kiti.

Haya, turudi alikotoka.

Alizaliwa Gura Humorului, mji mdogo wa jimbo la Bukovina, katika familia ya Kiyahudi. Leo mji huo uko Romania. Wakati ule ulikuwa ndani ya dola la Austria na Hungaria. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Erika Scharfstein, na Rixi ni la kubembelezwa nyumbani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiga upande ule, majeshi ya Urusi yakija, familia ilifungasha na kukimbilia Vienna. Alikuwa mtoto mdogo. Kwa hiyo mkimbizi alikuwa kabla hajajua kusoma vizuri. Kuna kati yenu humu ambao bibi zao walivuka mpaka na mtoto mgongoni, na ninyi hamhitaji maelezo yangu.

Vienna ilikuwa mji wa mikahawa, muziki na briji. Rixi aliolewa akiwa kijana, na mwanamume aliyemzidi sana umri, na ndoa hiyo haikumpa furaha. Alipata binti mmoja. Katika maisha ambayo mengi yaliamuliwa na wengine, meza ya briji ilikuwa mahali ambapo maamuzi yalikuwa yake. Akanoa akili yake hapo, akaingia timu ya wanawake ya Austria, na mwaka 1935 Austria ikatwaa ubingwa wa Ulaya wa wanawake. Mwaka 1936 ikatwaa tena.

Kisha ukaja mwaka 1937, na hapa nataka tukae kidogo.

Juni mwaka huo, Budapest, yalifanyika mashindano ya ubingwa wa dunia. Upande wa wazi, yaani ule wanaoruhusiwa wanaume na wanawake, Marekani ilileta timu ya Ely Culbertson, mtu aliyejulikana kuliko wote duniani katika briji wakati ule, mtu aliyeufanya mchezo huu uingie kila nyumba Marekani. Timu yake ilikuwa ya watu wanne. Wawili walikuwa wanaume: yeye na Charles Vogelhofer. Wawili walikuwa wanawake: mkewe Josephine Culbertson, na Helen Sobel. Mnasikia? Mwaka 1937, kwenye fainali ya dunia ya wazi, nusu ya timu ya Marekani ilikuwa wanawake! Shikeni hilo, nitalirudia.

Na nani aliwafunga Wamarekani? Austria, timu iliyonolewa na Dakta Paul Stern wa Vienna. Na upande wa wanawake nani alishinda? Austria hiyo hiyo, Rixi Markus akiwamo. Nchi moja ndogo ikarudi nyumbani na mataji yote mawili ya dunia. Rixi alikuwa na umri wa miaka 27 hivi. Kwa hesabu ya mtu yeyote, maisha yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Haikupita hata mwaka. Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na Austria kama nchi ikafutwa. Kwa Wayahudi wa Vienna, wiki hiyo hiyo ilileta kupigwa barabarani, kuporwa maduka, kufukuzwa kazini. Ubingwa wa dunia haukumlinda yeyote. Paul Stern, aliyeipa Austria taji, alikimbilia London. Edward Frischauer, mmoja wa mabingwa wale, aliishia Marekani. Timu bora kuliko zote duniani ikatawanyika kama hawajawahi kukaa meza moja. Rixi naye, mwezi ule ule wa Machi, akaondoka. Akafika London.

Ndugu zangu, jiulizeni: mtu akikimbia hivyo, anabeba nini? Nyumba haibebeki. Jina lako mjini halibebeki. Kikombe ulichoshinda Budapest hakikupi chumba cha kupanga London. Hata nchi uliyoiwakilisha haipo tena kwenye ramani. Rixi alibeba kichwa chake, na ndani yake hesabu za karata 52. Wakati wa vita alifanya kazi ya kutafsiri kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Usiku, London ikipigwa mabomu kama ilivyokuwa inapigwa, watu waliendelea kucheza briji, na yeye akawa mezani.

Naomba mtambue ugumu wake. Kuna wanaodhani mtu mwenye kipaji akihama nchi, kipaji kinamfungulia mlango siku ya pili. Hapana. Rixi alikuwa bingwa wa dunia tangu 1937, lakini bila uraia hakuweza kuiwakilisha nchi yoyote. Uraia wa Uingereza aliupata mwaka 1950. Hesabuni wenyewe tangu 1938. Hiyo ndiyo miaka ya katikati ya maisha ya mchezaji, miaka ya kilele, na yeye aliingoja karatasi. Alifanya nini alipoipata? Mwaka 1951, mwaka uliofuata tu, Uingereza ilitwaa ubingwa wa Ulaya wa wanawake, Rixi akiwa ndani ya timu. Mwaka 1952 ikatwaa tena. Hakuomba muda wa kuzoea.

Sasa niwaambie habari ya mwenzake, maana briji haichezwi na mtu mmoja.

Mwenzake mkubwa katika maisha alikuwa Fritzi Gordon. Naye alikuwa mwanamke wa Vienna, naye alikimbilia London, naye alikuwa mkali kama kisu. Mngetegemea wawili hawa, wametoka mji mmoja, wamepitia yale yale, wawe mashoga wa kupikiana na kulia pamoja. Haikuwa hivyo. Walikuwa wanagombana. Waligombana mezani, mbele za watu, kwa sauti, karata zikiwa bado mkononi. Mmoja akikosea mwenzake alimwambia hapo hapo, na ugomvi wao ulijulikana katika kila ukumbi wa mashindano Ulaya.

Na walishinda! Mwaka 1962, Cannes, Ufaransa, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya jozi za wanawake. Nani walishika namba moja? Rixi na Fritzi. Pale pale Cannes wakaungana na wanaume wawili, Boris Schapiro na Nico Gardener, wakachukua na taji la dunia la timu mchanganyiko. Mwaka 1964, New York, timu ya wanawake ya Uingereza ikachukua Olimpiadi ya briji, taji jingine la dunia, Rixi na Fritzi wakiwamo. Na mwaka 1974, Las Palmas, visiwa vya Kanari, miaka 12 baada ya Cannes, jozi ile ile ikawa tena bingwa wa dunia. Rixi alikuwa amevuka miaka 60. Mwaka huo huo wa 1974 akawa mwanamke wa kwanza kufikia daraja la Grand Master la Shirikisho la Briji la Dunia.

Kina mama, nataka niseme neno hapa, na nalisema kwa moyo wote. Sisi tumelelewa kuamini kwamba wanawake wakifanya kazi pamoja lazima wapendane, na wasipopendana basi waachane, na watu watasema “mnaona, wanawake hawawezi kukaa pamoja.” Wanaume wawili wakigombana kazini tunasema wana msimamo. Wanawake wawili wakigombana tunasema wana roho mbaya. Rixi na Fritzi hawakungoja kupendana ili wafanye kazi. Kila mmoja alijua mwenzake anaweza, na kila mmoja alidai mwenzake acheze kwa kiwango cha juu kabisa. Sisemi mtukanane. Ukali wao uliwaumiza watu wengine mezani, na hilo si jambo la kusifia. Ninachosema ni kwamba heshima ya kazi inaweza kukaa mahali ambapo urafiki haupo, na mkiipata hiyo, ilindeni.

Turudi kwenye mchezo kidogo. Nimesema sana kuhusu kunadi kwa ujasiri. Lakini Rixi aliandika vitabu, na kimoja katika miaka ya 1960 alikipa jina lenye pande mbili: nadi kwa ujasiri, cheza kwa usalama. Upande wa pili ndio watu wanausahau. Ujasiri wa mdomo bila uangalifu wa mkono ni faini tupu.

Niwape mfano, na wenye karata karibu zitoeni mjaribu. Huu si mchezo wa Rixi peke yake, kila anayejifunza briji anafundishwa. Tuseme mnacheza bila turufu. Wewe umeshika uru mbili tu, ndogo. Mezani, kwenye mkono uliolazwa wazi, kuna uru sita: ree, mfalme, na nne ndogo. Ubaya ni kwamba mkono ule wa mezani hauna karata nyingine yoyote ya kukuwezesha kurudi pale. Ukitoka pale, umetoka. Wapinzani wana uru tano, na mara nyingi zaidi zinakuwa zimegawanyika tatu na mbili.

Mwanafunzi anafanyaje? Anaona ree na mfalme, macho yanamng'aa, anavila vyote viwili mara moja. Kashangilia. Lakini mpinzani mmoja bado ana uru moja kubwa, na uru zako mkononi zimekwisha. Zile ndogo nne za mezani zimekuwa yatima. Umekula mizunguko miwili, basi.

Mchezaji aliyetulia anafanyaje? Mzunguko wa kwanza anatupa uru ndogo mkononi na ndogo mezani. Anawaachia wapinzani wale. Anawapa kwa hiari yake! Lakini ile uru yake ya pili bado anayo. Akipata zamu, anaitumia kuvuka kwenda kwenye ree, kisha mfalme. Mizunguko mitatu imepita, wapinzani uru zao tano zimekwisha zote, na zile ndogo tatu zilizobaki mezani sasa hakuna wa kuzipiga. Hesabuni: ree, mfalme, na tatu. Tano. Mmoja anakula miwili, mwingine anakula mitano, kwa karata zile zile. Tofauti ni nani alikubali kupoteza kwanza, na alipoteza lini.

Wangapi mmejaribu? Vizuri, wale dada wa safu ya nyuma wamepata. Wengine mtajaribu tukimaliza.

Rixi alisifiwa zaidi kwa hapo: kucheza mkono. Alitangulia kusema kubwa, wapinzani wakadhani amejitia kitanzi, halafu akakaa na kuhesabu, karata moja baada ya nyingine, nani kaonyesha shupaza ngapi, nani kabakiwa na pau ngapi, mpaka karata zilizofichwa zikawa kama ziko wazi mbele yake. Wanaomwiga kwenye kunadi ni wengi. Wa kumwiga kwenye kuhesabu ni wachache.

Niliwaambia nitarudi kwa Helen Sobel. Huyu ni mwanamke mwingine, Mmarekani, wa umri ule ule. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1909. Aliwahi kuwa mcheza dansi wa jukwaani, na inasemekana alijifunza briji kutoka kwa msichana mwenzake wa jukwaa. Akawa mwenza wa Charles Goren, mwanamume aliyekuja kuwa jina kubwa la briji Marekani. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwuliza Helen: unajisikiaje kucheza na mtaalamu mkubwa hivi? Helen akamwonyeshea Goren kidole, akasema: mwulize yeye.

Mwulize yeye! Hakupandisha sauti, hakutoa hotuba kama mimi hapa. Na wachezaji wengi wa wakati wake walikubali kwamba alikuwa na haki ya kusema vile. Mwaka 1957 alikuwa mwanamke wa kwanza kucheza fainali za Bermuda Bowl, taji kubwa la timu la dunia la wazi, Marekani ikipambana na Italia mjini New York. Na mnajua ni lini mwanamke kwa mara ya kwanza alilitwaa taji hilo? Mwaka 2001, Paris, Rose Meltzer wa Marekani. Kutoka 1937, ambapo nusu ya timu ya fainali ilikuwa wanawake, hadi 2001.

Kwa nini? Karata hazijui mwanamke ni nani. Meza ya briji haihitaji misuli, haihitaji urefu, haihitaji kifua. Mashindano ya wanawake peke yao yalifungua mlango, na sitayabeza. Bila hayo Rixi asingekuwa na mataji yake, na wanawake wengi wasingesafiri nje hata mara moja. Lakini naamini mlango huo huo uligeuka ukuta. Waandaaji wakazoea kwamba wanawake wana chumba chao, na kule kwingine ni kwa wengine. Nanyi mkicheza, iwe drafti, bao, sataranji au briji, chezeni ya wanawake, shindeni, kisha siku hiyo hiyo jiandikisheni na ya wazi. Msingoje kualikwa.

Rixi hakungoja. Mwaka 1955 alianza kuandika safu ya briji katika gazeti la Guardian la Uingereza, na aliiandika mpaka mwaka aliofariki, 1992. Miaka 37! Mwanamke aliyefika London mkimbizi, akaandika kwa Kiingereza, wakati lugha ya ujana wake ilikuwa Kijerumani, kwenye gazeti lililosomwa na mawaziri na walimu na makarani. Mwaka 1975 alianzisha mechi ya kila mwaka ya briji kati ya mabunge mawili ya Uingereza, Mabwana upande mmoja na Wawakilishi upande wa pili. Mwaka huo huo alipewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, kwa huduma yake kwa briji. Aliandaa pia mashindano mengi ya kuchangia watu wenye shida. Mwaka 1988 alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe.

Watu wananiuliza: wewe mama, kwa nini unatuletea habari za mwanamke wa Vienna? Kwa sababu mchezo wenyewe uko hapa kwetu. Dar es Salaam na Nairobi wapo wanaoucheza miaka mingi, na nchi zote mbili zimo katika Shirikisho la Briji la Dunia. Ila nendeni mkaangalie ni wasichana wangapi wa shule wameketi kwenye meza hizo. Mchezo umekaa kwa wazee na wageni, wakati ninyi ndio wenye vichwa vyepesi vya kuhesabu 13 mara nne. Haugharimu kitu. Pakiti moja ya karata inatosha watu wanne. Hauhitaji uwanja, hauhitaji viatu, hauhitaji umeme hata.

Walimu mliopo, nawaomba hasa ninyi. Mtoto anayejifunza briji anajifunza hesabu ya uwezekano bila kuambiwa ni hesabu. Anajifunza kumsikiliza mwenzake, maana neno moja la mnada limebeba habari nyingi. Anajifunza kusema mbele za watu “mimi nitafanya hiki”, na kisha kupimwa kwa alichosema. Kwa msichana, hilo la mwisho peke yake linatosha kuanzisha klabu.

Nimekaribia mwisho, na nawaona waandaaji wananionyesha saa. Meza ziko nyuma ya ukumbi, kila moja ina pakiti mpya. Kaeni wanne wanne. Mabinti wachanganyikeni na kina mama, msikae marafiki kwa marafiki. Gawanyeni 13 kila mmoja, zipangeni kwa rangi. Kisha hesabuni nguvu za mkono wako hivi: ree ni nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Pakiti nzima ina 40. Ukiwa na 12 au 13 mkononi, fungua mnada. Atakayegawa ndiye anaanza kusema, na nitapita meza moja moja kusikia mnasema nini.